Nani Aliyeokoa Mabati ya Kanisa?

Nipeni masikio yenu, malipo yangu ni hukumu yenu.

Katika usharika mmoja wa milimani Upare walikuwapo watu watatu. Mzee Kiangi alijaliwa ukaidi: ukimwambia haraka, ndipo anapokaa chini. Nakiete, wakala wa pesa za simu, alijaliwa macho, habonyezi kitu asichokisoma mara mbili. Mwalimu Senzota wa kwaya alijaliwa sikio. Sauti ikimpitia mara moja haimpotei.

Mweka hazina, Mama Tumsifu, alijaliwa imani tu, nayo nusura imponze.

Kila Jumapili usharika ule ulitangaza kila kitu kwa kipaza sauti: pesa za mabati zimefika ngapi, nani anazitunza, na namba yake ya simu. Kisha sadaka za mazao na kuku zinapigwa mnada, mgeni naye anakaribishwa. Jumatatu asubuhi simu ya Mama Tumsifu ikaita. Aliyepiga alijiita katibu wa dayosisi, akasema kiwanda kinauza mabati nusu bei, mwisho saa saba mchana. Alijua hata idadi ya mabati. Mchungaji alikuwa safarini, hapatikani. Mama akamshukuru Mungu, akakimbilia saini ya pili ya kutolea pesa benki.

Saini hiyo ilikuwa ya Mzee Kiangi, naye alikuwa akipalilia maharage. Alisema hasaini chochote kabla ya kumaliza shamba. Mama alibembeleza mpaka akalia, mzee anapalilia tu. Alisaini saa tano.

Mama alipotoka benki na kufika kwa Nakiete, ilikuwa saa sita na nusu. Nakiete aliingiza namba, akasita: jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi. Akakataa kutuma. Mama akamwita mwizi mbele ya wateja. Nakiete alimeza tusi, akamwambia ampigie huyo katibu kwa spika, amuulize jina hilo ni la nani.

"Huyo ni mhasibu wa kiwanda, mama," sauti ikajibu kwa upole. "Muda unakwisha, Bwana asifiwe."

Jibu likamlainisha hata Nakiete. Kidole kilikuwa kinashuka Mwalimu Senzota, aliyetoka shuleni anakofundisha kununua mkate, alipomshika mkono.

"Sauti hii ilinunua jogoo wetu jana mnadani," alisema. "Nilimwimbia pambio la shukrani."

Simu ikakatika. Mama Tumsifu akakaa vumbini. Jana alimshika mtu yule mkono na kumtakia baraka!

Jumapili mchungaji akatoa kondoo mmoja kwa aliyeokoa mabati, Mama Tumsifu achague. Mzee Kiangi alisema bila yeye pesa zingeondoka asubuhi, Mwalimu akiwa darasani. Nakiete alisema bila yeye ile sauti isingesikika, na tusi alilibeba yeye. Mwalimu alisema wenzake walichelewesha tu, wote wawili walikuwa wamekwisha kukubali.

Msiniambie wagawane nyama. Kondoo ana mimba, hachinjwi.

Mama Tumsifu amesimama, kamba mkononi, na yeyote atakayemchagua, wawili watarudi nyumbani na kinyongo juu yake. Je, ninyi kamba mngempa nani?