Ushindi wa Cordell Tolliver

Jumamosi ya kuonana na wafungwa, Ernestine Tolliver alifika gerezani akiwa amejaa maneno kama gunia la mahindi. Alikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa Alabama, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. Cordell, mwanawe wa pekee, alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka minne. Alivunja ghala ili aibe nyaya za shaba, na katika kukimbia akamsukuma mlinzi ngazini, mlinzi akavunjika nyonga. Mashtaka yalikuwa matatu: kuvunja, kuiba na kujeruhi. Kwa makubaliano na mwendesha mashtaka alikiri kuvunja tu, na yale mawili yakawekwa kando.

Kasoro ilikuwa moja. Miezi minane aliyokaa rumande haikuingizwa katika hesabu ya kifungo. Wakili aliyepewa na serikali, Bi. Haskins, alikwisha andika ombi la ukurasa mmoja kuirekebisha. Ilibaki saini ya Cordell.

"Weka saini, mwanangu," Ernestine alisema hata kabla hajakaa. "Miezi minane ni yako. Ichukue, unyamaze."

"Hayo ni makombo, Mama. Kuna jamaa humu tunamwita Profesa, amesoma sheria miaka kumi na tisa. Siku nilipokiri, jaji alisahau kuniambia kifungo cha juu kabisa ni miaka mingapi. Profesa anasema hilo linabomoa makubaliano yote."

"Na huyo Profesa analala wapi?"

"Selo namba sita."

"Amesoma miaka kumi na tisa, na bado analala selo namba sita."

Cordell alicheka, lakini karatasi ya Bi. Haskins hakuigusa.

Jumatatu Ernestine alikwenda kwa wakili na aproni yake ya kazini.

"Profesa hajakosea," Bi. Haskins alimwambia. "Ndiyo maana naogopa. Jaji akikubali, makubaliano yanakufa, na ile miaka minne inakufa nayo. Mashtaka yote matatu yanafufuka. Yule mlinzi sasa anatembea kwa fimbo, Bi. Ernestine. Watu kumi na wawili wa baraza, wale wanaoamua kama mtu ana hatia, watamwona akiingia."

"Umemwambia hivyo?"

"Mara tatu. Ananijibu kuwa wakili wa bure huogopa bure."

Ernestine alimsihi Cordell kwa simu wiki mbili mfululizo, kila mara mpaka dakika kumi na tano za simu ya gereza zikakatika. Juma la tatu hakusihi tena. Alikuwa ametandika kitanda cha mwanawe kwa shuka safi, na alipomaliza akajiona naye ameanza kungoja. Tamaa ni kama moshi wa kuni mbichi, humfumba macho hata mpishi mwenyewe.

Siku ya mahakama, waumini wa kanisa lao walijaza safu mbili. Dada Odessa, mmoja wao, alikwisha kuwatia kambare chumvi na unga wa mahindi, tayari kukaangwa kwa sherehe. Jaji alisoma ombi alilolitunga Profesa, akavua miwani, akakiri kwamba kweli alisahau. Makubaliano yakafutwa. Safu mbili zikapiga makofi, Cordell akageuka na kutabasamu hadi jino la mwisho.

Ernestine hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama mwendesha mashtaka. Yule bwana hakupinga, wala hakukunja uso. Alifunua jalada taratibu kama mtu anayefungua chakula chake cha mchana, akasema yuko tayari kwa kesi ya makosa yote matatu.

Bi. Haskins alimfuata koridoni akaomba ile miaka minne irudi mezani.

"Mlikuwa nayo," mwendesha mashtaka alisema. "Mmeiomba mahakama iwaondolee."

Kesi ilisikilizwa majira ya kuchipua. Mlinzi alichukua muda mrefu kufika kwenye kizimba cha mashahidi, na chumba kizima kikasikia fimbo yake sakafuni. Baraza halikuchukua saa mbili. Cordell alifungwa miaka kumi na mmoja. Safari hii jaji alihesabu kila siku ya rumande, asiache hata moja.

Jumamosi iliyofuata mama na mwana walikaa wakitazamana. Ernestine alikuwa na la kusema, akalimeza. Mtoto aliyekwisha ungua haambiwi kwamba moto ni moto.

"Lakini nilishinda, Mama," Cordell alisema kwa sauti ndogo.

"Ulishinda. Nilikuwepo."

"Profesa anasema katika hukumu hii mpya pia kuna kosa."

"Mwambie aanze na yake." Aliushika mkono wa mwanawe. "Nitakuja kila Jumamosi. Miguu ikinishinda, nitaletwa. Lakini ile miaka minne, mwanangu, ilikuwa mibaya na ilikuwa yetu."

Jaji alihitaji kurasa tisa kuandika hukumu yake. Ya kisa hiki inatosha mstari mmoja: usiache mbachao kwa msala upitao.