Madume ya Sajini Lehana

Katika milima ya Lesotho, ambako mahindi hupigwa na baridi kabla hayajakomaa na bangi hustawi bila kubembelezwa, aliishi mzee mmoja aliyeitwa Lehana. Alikuwa askari polisi kwa miaka thelathini, na hata alipostaafu aliendelea kutembea kifua mbele, kofia kichwani, kana kwamba anakagua gwaride. Wanakijiji walimwita Sajini, wengine kwa heshima na wengine kwa kinyongo. Kinyongo hicho kilikuwa na sababu yake. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda mlimani na vijana wake kung'oa bangi za watu na kuzichoma, wenyewe wakitazama.

Lakini dunia ni mzunguko. Sasa ushirika wa kijiji ulikuwa na kibali cha kulima bangi ya dawa, na Sajini naye akajiunga, shingo upande. Shamba la baba yake lilikuwa limelala bure miaka yote aliyohamishwa kituo hadi kituo, na chifu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba likikosa mavuno msimu huu atapewa mtu mwingine. Sajini aliapa kuwa hilo halitatokea akiwa hai.

Akapanda mwezi wa kumi. Kufikia Januari, mimea kumi na miwili ilikuwa imeipita mingine kwa kichwa kizima. Hiyo aliipenda kama wanawe, akaiongezea maji na samadi ya kondoo. Mahakamani bangi iliyokamatwa hupimwa kwa kilo, na yeye hakuwahi kufundishwa kipimo kingine.

"Ntate Lehana," mkewe, 'Makeneuoe, alimwambia, "nenda kwa 'Mathakane ukamuulize. Yule alianza kulima bangi wewe hujavaa hata gwanda."

"Nikamuulize nini? Bangi naijua! Nimeng'oa nyingi kuliko alizopanda yeye."

"Kung'oa unajua, sikatai. Hata mbuzi wangu anajua."

Ukweli ni kwamba aliona haya. 'Mathakane alikuwa mjane, na shamba lake lilipakana na la Sajini, ukuta wa mawe kati yao. Mwaka mmoja Sajini aliliteketeza lote, na binti wa mama huyo akaacha shule kwa kukosa ada. Tangu hapo hawakuwa wakisalimiana.

Asubuhi moja ya Februari, Sajini aliona mimea mirefu ya 'Mathakane imeng'olewa na kulazwa juu ya ukuta. Damu ya kiaskari ikamchemka.

"'M'e, mama yangu, umeibiwa!" alipaza sauti. "Usiguse kitu, nafuata nyayo!"

Wanawake waliokuwa wakipalilia waliangua kicheko.

"Zifuate tu, Sajini, zitakuleta kwangu," 'Mathakane alijibu. "Nimeng'oa mwenyewe."

"Mirefu yote? Iliyonona hivi?"

"Haya ni madume, baba. Dume halina dawa, kazi yake kumwaga vumbi la kupandishia majike. Vifuko vyake vikipasuka, majike yanajaa mbegu, na ushirika hauchukui bangi ya mbegu. Hayo kumi na mawili uliyoyanenepesha yakipasuka, tumekwisha sote. Usingekuja leo, kesho ningekwenda kwa chifu."

Sajini alikunja mikono ya shati. "Basi nitayang'oa sasa hivi."

"Na yale mafupi yaliyojificha katikati ya majike, utayajuaje?"

Sajini alitazama shamba la baba yake, kisha akavua kofia. Wanawake waliacha kupalilia.

"'M'e 'Mathakane, siku ile nilipochoma shamba lako ulilia, nami nikacheka na wenzangu. Sheria ilinituma kung'oa, haikunituma kucheka. Nisamehe, mama. Nifundishe."

'Mathakane alijifuta machozi kwa kiganja.

"Maneno hayo yamechelewa," alisema hatimaye, "lakini yamefika. Haya, ruka ukuta upige magoti. Siri ya mmea huu haionekani ukiwa umesimama."

Sajini alipiga magoti topeni, viungo vikimlia. Akaonyeshwa pale jani linapoungana na shina: jike lina nywele mbili nyeupe, dume lina vifuko vidogo kama punje za mtama. Kisha wakaingia shambani kwake, mstari kwa mstari, hadi jua la utosi. Madume kumi na tisa yaling'olewa, na yale kumi na mawili yote yalikuwamo. Aliumia kuyang'oa, tena aliumia kwelikweli.

"Pole, Sajini," 'Mathakane alimtania. "Si ndiyo kazi yako?"

Mwezi wa Aprili, kabla ya baridi kali, karani wa ushirika alifikicha maua ya Sajini kiganjani, akatafuta mbegu, asione hata moja. Chifu mwenyewe alikuja kumpa mkono, akatangaza mbele ya watu kwamba shamba ni lake yeye na wanawe.

"Umejifunzia wapi haya?" chifu akamuuliza.

"Kwa yule mama," Sajini alijibu bila kusitasita, "tena nikiwa nimepiga magoti kwenye tope."

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.