Homa ya Mjomba wa Pimbi

Hapo zamani za kale, enyi wenye masikio madogo, wanyama walipokuwa wangali na majiko na mikeka yao, Pimbi na mkewe waliishi katika pango mlimani. Lilikuwa pango kavu, pana kama sebule, na jua la asubuhi liliingia mpaka ndani. Pimbi ana mwili mdogo na baridi humshika upesi, kwa hiyo pango lile ndilo lililokuwa uhai wake.

Kipupwe kilipoingia, akaja Nyati na virago vyake.

"Hodi sipigi," alisema. "Tokeni. Pango hili linanitosha mimi."

"Shikamoo mzee," alisema Pimbi. "Nasi tukalale wapi?"

"Hapo nje kuna uwanja mzima."

Wakatoka, wakajibanza mlangoni. Kila asubuhi Nyati alikusanya majani aliyolalia, yamechanganyika na samadi yake, akayasukuma nje kwa pembe, puu! Manyunyu yakayalowesha. Rundo likakua mpaka likampita Nyati mwenyewe.

Siku ya tano Bi Pimbi alitetemeka hata meno yakagongana, ka-ka-ka. Pimbi akaanza kuchimba shimo rundoni ili amkinge na upepo. Alitia mkono, akautoa haraka.

"Mke wangu, humu mna moto, ila hamna moshi."

Mkewe naye akatia mkono. "Ni majani yanaoza," alisema. "Majani mabichi yakirundikwa na samadi, yakalowa, vidudu visivyoonekana huyala. Kadiri vinavyokula ndivyo joto linavyozidi. Mama alikuwa akivundika ndizi katika rundo kama hili."

Wakaingia, wakatulia kama mikate tanurini. Joto wakalipata. Lakini njaa iliwauma, na pango lilikuwa bado la Nyati.

Asubuhi Nyati alitoka, akakuta rundo linafuka mvuke, fuu.

"Kuna nini humo?"

Pimbi alikuwa ametoa kichwa tu. Hakuwa amepanga kusema lolote, ulimi ulimtangulia. "Ni mjomba wangu, mzee. Alikuja kututembelea, ukammwagia samadi. Sasa ana homa."

Nyati aliweka pua, akairudisha. Alikuwa mkali, lakini mama yake alimlea kuheshimu wagonjwa.

"Anawaka kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona haongei?"

"Wewe ungeongea, na homa kama hiyo?"

Tangu siku hiyo Nyati akawa anapika uji wa ulezi. Pimbi aliuingiza rundoni, na bakuli likatoka limelambwa.

"Anasemaje?" Nyati aliuliza.

"Anashukuru. Ila anasema asali ilipungua."

Kesho yake asali iliongezwa, na maboga juu yake.

Akaitwa Tembo, mganga. Aliupenyeza mkonga mpaka katikati ya rundo, ukamgusa Pimbi tumboni. Pimbi akabana pumzi.

"Nimelishika ini," Tembo alitangaza. "Lina manyoya. Hali si nzuri."

Akaagiza mgonjwa amwagiwe maji, na kila baada ya siku tatu ageuzwe ubavu, jamaa zake wakisimama kando. Nyati akafanya hivyo, macho ameyafumba kwa heshima ya mgonjwa. Maji na hewa vilipoingia, vidudu vikala kwa bidii, na rundo likawa moto maradufu. Nyati akaona homa imepanda, akamfunika mgonjwa kwa majani mabichi. Ikapanda tena.

Nyati akakonda kwa kupika, kuchota maji na kugeuza. Pimbi akanenepa. Siku moja alimsikia Nyati akiliambia rundo habari za marehemu mama yake, naye Pimbi akaona haya. Nusura atoke aseme kweli. Kisha mkewe akakohoa, na Pimbi akakumbuka ni nani aliyewatoa pangoni, akabaki rundoni.

Ulipotimia mwezi wa pili wa ugonjwa, vidudu vilimaliza chakula. Rundo likashuka, likawa udongo mweusi. Nyati alikuja na uji, akaweka pua, bakuli likamponyoka.

"Pimbi, mjomba amepoa."

"Amepona?"

"Amepoa. Ni baridi kabisa."

Nyati akalia mpaka kokoto zikaporomoka. Alipotulia aliuliza, "Aliacha neno lolote?"

"Alisema hana kinyongo na mtu," alisema Pimbi. "Aliomba matanga yake yakaliwe pangoni, na jamaa wa damu peke yao."

"Matanga ni ya siku ngapi?"

"Kwetu sisi pimbi, mzee, hayana mwisho."

Nyati hakubisha. Alifunga virago vyake, akainamisha kichwa mbele ya rundo, akashuka bondeni. Naye Tembo alijisifu kwa miaka mingi kwamba aliwahi kumtibu mgonjwa asiye na kichwa, akaishi miezi miwili. Pimbi na mkewe wakarudi pangoni, wakaota jua.

Hapo ndipo hadithi ilipoketi, nanyi shikeni hili: ukigusa kitu chenye joto, uliza kwanza joto hilo limetoka wapi, kabla hujabandika sufuria ya uji.