Njaa Aliyelala Mvunguni

Paukwa! Pakawa! Sogeeni karibu, maana jambo hili halikutokea msituni. Lilitokea ndani ya nyumba.

Hapo zamani za kale, Mbaraka na mkewe Mwanaheri waliishi na Njaa. Mwanaheri akimaliza sahani, Njaa humwambia, "Tena!" Akimaliza ya pili, "Tena!" Ya tatu, "Tena!" Mwili ukawa mzito, magoti yakauma, na kila alipopanda kutoka kisimani moyo ulimgonga kama mchi kwenye kinu.

Mbaraka akaogopa. Akamwendea mganga, Nungunungu.

Nungunungu akang'oa miiba mgongoni mwake. "Mchome mkeo mwiba mmoja kila Ijumaa. Njaa atalala."

Ijumaa ya kwanza, Njaa akapiga miayo. Ya pili, akajikokota mvunguni mwa kitanda. Ya tatu, kimya.

Miaka mitatu Mwanaheri akapanda kutoka kisimani akiimba.

Siku moja Mbaraka akasema, "Mke wangu, miiba ya nini tena? Nungunungu alisema Njaa atalala. Haya, amelala. Mungu amlaze pabaya!"

"Una hakika ni kulala kwa kaburini?"

"Umemsikia lini mara ya mwisho?"

Wakacheka. Wakaitia miiba motoni.

Ijumaa ya kwanza, kitanda kikatikisika. Ya pili, mkono mkavu ukatoka mvunguni ukakomba sufuria. Ya tatu, Njaa akatoka mzima, amekonda, macho mekundu.

"Miaka mitatu sijala. Mwanaheri, tena!"

"Nimeshiba."

"Tena!"

"Nimeshiba, nakuomba."

"Tena!"

Akala huku analia. Miezi ikapita, uzito ukarudi. Asubuhi moja Mbaraka akamkuta ameketi katikati ya njia ya kisimani, ndoo imemwagika, mkono kifuani.

"Moyo, mume wangu."

Mbaraka akakimbia kwa mganga. "Nungunungu! Ulisema amelala!"

"Nilisema atalala. Nani alikwambia amekufa? Mbona hukuja kuniuliza kabla ya kuitupa miiba?"

Mbaraka akanyoosha mkono kuomba miiba mingine.

"Anza na huu mdogo," Nungunungu akasema. "Ukianza na mkubwa, atakayeumia ni mkeo."

Njaa akarudi mvunguni. Lakini Mbaraka hakukiamini tena kimya, maana ndicho kilichomdanganya. Kila asubuhi hupiga magoti, hutega sikio, amsikie Njaa akikoroma. Akimsikia, huenda shambani. Asipomsikia, huogopa kuwa Njaa ameamka, huita, "Mwanaheri! Mwanaheri! Mwanaheri!" mpaka aitikiwe.

Hadithi yangu naiacha hapo, mlangoni kwao. Ukipita, piga hodi taratibu.