Kijiti cha Mwatime

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba zimebanana kama punje za hindi.

Mnisamehe mapema, hadithi hii naiharibu kila nikiisimulia. Hata aliyenifundisha amenikataza kumtaja.

Basi, palikuwa na zimwi lisiloweza kuzaa. Likiingia kwa mtu, huteka jiko na kumwamuru mwenye nyumba: "Nipikie wanangu." Wana hao hutokea chunguni; hupikwa mpaka wajae, nyumba ipasuke, nao wavamie majirani.

Kuta za mji ule zilikuwa nene, ukelele haupenyi. Kwa hiyo kila mlango ulichongwa tundu la pembe tatu, na aliyevamiwa hurusha vijiti vya pembe tatu kuwaonya majirani. Kijiti kikikaa tunduni, nyumba nzima hutetemeka kwa homa. Wenyewe huzima moto, hupasua vyungu, kisha nao hurusha vijiti kwa wengine.

Siku moja zimwi likamvamia Bi Mwatime. Mkono mmoja ukakoroga kwa kulazimishwa; wa pili ukarusha kijiti kwa jirani, ambaye ni binti yake aitwaye Zuhena. Kikagonga, kikaanguka. Akarusha cha pili. Kikagonga, kikaanguka.

Akachungulia dirishani. Tundu limezibwa nta. Mkwewe Fumbwe alikuwa amechoka kutetemeka na kula wali baridi kila jirani akipata shida, akaliziba.

Mwatime akapandwa na hasira hata akasahau kuogopa. Mtu amepewa binti, amepewa mlango wa kuchongwa, anauziba kwa ajili ya wali!

"Nipikie wanangu," zimwi likanguruma.

"Ngoja kwanza," akasema Mwatime. "Nina mkwe wa kumshughulikia."

Akavurumisha kijiti cha tatu kwa hasira zake zote. Kikatoboa nta, kikakaa.

Nyumba ya Zuhena ikatetemeka. Fumbwe akaanza kulalamikia homa.

"Mume wangu, huyo ni mama," akasema Zuhena. "Zima moto."

Moto ukazimwa, vyungu vikapasuliwa, vijiti vikaruka mji mzima.

Nyumba ya Mwatime ikapasuka, wana wa zimwi wakamwagika nje. Kwa Zuhena: "Tupikie wenzetu." Hakuna moto. Kwa jirani wa pili: "Tupikie wenzetu." Hakuna chungu. Kwa wa tatu hawakufika. Walinyauka njiani kama mchicha uliosahauliwa juani, na zimwi lao likanyauka nyuma yao.

Mwatime akatoka kifusini akijipangusa vumbi. Kwa kuwa hakuwa tena na nyumba, akahamia kwa mkwewe. Fumbwe husema homa ilikuwa nafuu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Funzo lake: onyo likikuumiza, usilizibie mlango.

Nami ninayewafundisha haya, juzi nilishikwa na mafua na homa. Nikautukana mwili wangu kutwa nzima, nao maskini ulikuwa unanizimia moto, zimwi lisipate pa kupikia.