Ngiri Aliyelalia Viazi

Haya! Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Miguu ina tope!
— Ijifute, iingie!

Imeingia. Ilikuwa kipupwe, huko kwenye milima ya baridi, na Mama Fuko alikuwa na viazi kwenye kinyungu chake, ile bustani ya bondeni inayolimwa mvua zikishakatika, kwa unyevu uliobaki kwenye udongo. Juu ya matuta ametandaza nyasi, maana alfajiri sakitu inashuka, nyeupe kama unga, ikikigusa kiazi basi kinaoza. Watoto anao tele, wote walafi, na chakula chao mpaka mvua zirudi ni hivyo viazi. Hana kingine.

Mara puu! puu! puu! Ngiri huyo. Akazoa nyasi zote, akaenda kujitandikia kwake. Kesho yake, puu! puu! puu! Amerudi na pua yake.

"We Fuko! Leo nakula viazi!"

Mama Fuko moyo du-du-du, maneno yakamtoka kwa mpigo: "Kamwene baba, karibu baba, kula vyote baba, ila ni vidogo, vina baridi, nyasi kachukua sijui nani, na kiazi kikiona baridi hakinenepi, kingepata tumbo la kukilalia, tumbo nene, la heshima, kingekuwa kama kichwa chako, lakini tumbo hilo nani analo?"

Ngiri akalitazama tumbo lake. "Kama hili?"

"Jamani! Wala sikuliona!"

Ngiri akajilaza juu ya matuta, pwaa!

Huku chini, Mama Fuko na wanawe, kwaru-kwaru-kwaru. Kiazi, nyumbani. Kiazi, nyumbani.

"Fuko! Kitu kinanitekenya!"

"Ni viazi vinanenepa, baba. Usiinuke, baridi itaingia!"

Akalala. Kwaru-kwaru-kwaru.

"Fuko! Kitu kimenikanyaga kitovu!"

"Ni kile kikubwa, baba, kinajinyoosha. Usiinuke, baridi itaingia!"

Akalala. Sakitu ikamshukia mgongoni, meno ka-ka-ka-ka, akawa mweupe mpaka ndege wakatua juu yake wakidhani ni jiwe la chokaa.

"Fuko! Mbona nazama?"

"Udongo umelainika, baba! Dalili nzuri hiyo!"

Gubu! Matuta yakabomoka, Ngiri shimoni, miguu juu. Akapapasa huku, akapapasa kule. Hakuna hata ganda.

"Viazi viko wapi?"

Sauti ikatoka mbali chini, mdomo umejaa: "Vimekimbia baridi, baba! Vimeshuka chini zaidi! Chimba!"

Na mpaka leo anachimba, pua chini, mkia juu.

Funzo: watoto, msidanganye wakubwa hata siku moja. Iweni kama Ngiri, mwema yule, aliyelinda shamba la jirani kwa tumbo lake mwenyewe na hakula hata kiazi kimoja.

Hadithi imetoka!
— Fungeni mlango!
Kwani vipi?
— Baridi itaingia!