Umegeuza Sumaku?

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Palikuwa na dada mmoja wa huku huku kwetu, aliyesoma hadi akaajiriwa ughaibuni, kwenye maabara iliyochimbwa chini ya ardhi. Kazi yake? Kutazama chembe zikivunjika. Kila chembe ina pacha aliye kinyume chake. Wakikutana wanamalizana, unabaki mwanga tu. Wataalamu wanasema hapo mwanzo pacha hao walikaribia kulingana kabisa. Sasa mbona sisi tupo? Ndiyo maana alipima kama upande mmoja huvunjika tofauti na mwenzake, walau kidogo.

Alikuwa mpweke, dada huyu. Mpweke kweli. Mama yao alipofariki hakuja kuzika, alikuwa zamu ya vipimo. Mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, akamwambia kwenye simu, "Kaa huko na mashine zako." Basi akaapa hapigi simu mpaka mdogo mtu aanze. Kila mchana alikula peke yake kwenye kantini ya maabara, simu kando ya sahani, na simu haikulia.

Siku moja jibu likatokea kwenye kompyuta: upande mmoja umezidi, tena sana! Akamkimbilia mama mmoja aliyefanya kazi naye. Yule mama akamwuliza, "Umegeuza sumaku?"

Kule sumaku husukuma chembe hizi kulia na pacha zao kushoto. Mashine ikiwa inaona vizuri zaidi upande mmoja, inakudanganya. Kwa hiyo kazi ikifika katikati huigeuza sumaku, wa kulia waende kushoto, kisha hujumlisha vipimo vyote. Yeye, kwa pupa yake, alijumlisha vya kabla ya kugeuza tu.

Akarudia. Ile tofauti kubwa ikanywea. Sehemu yake kubwa ilikuwa makengeza ya mashine. Ikabaki kiduchu.

"Hicho kiduchu ndicho cha kweli," mwenzake akasema. "Pande zote zingelingana sawasawa, mimi na wewe tusingekuwapo."

Mchana ule akaketi mbele ya sahani yake, simu kimya vilevile. Akajiuliza, na uchungu wangu huu, si nimeupima upande mmoja tu? Akageuza. Akamwona mdogo wake akimwosha mama peke yake, akipokea waombolezaji peke yake, na kila anayeingia anamwuliza, "Dada yako yuko wapi?" Machozi yakamtoka mbele za watu. Akapiga.

"Ni mimi, dada yako. Nisamehe."

Mdogo wake akasema kwa kwikwi, "Dada, mimi nilishaapa sikupigii mpaka uanze wewe."

Mmesikia? Kiapo kilekile, pande zote mbili! Walikuwa wamelingana sawasawa, na undugu wao ulikuwa unakwisha hivihivi. Nasi ndivyo tulivyo. Asiponisalimu, simsalimu. Tunaita hiyo haki. Mungu angetupimia hivyo, nani kati yetu angekuwa ameketi humu? Lazima mmoja azidishe kidogo, ndipo kitu kibaki.

Humu ndani wamo wawili wa namna hiyo. Msigeuke kutafuta ni nani. Ibada ikiisha, mmoja hutokea mlango wa mbele, mwenzake wa nyuma, wasikutane. Leo wa nyuma nimeufunga. Tusimame tuombe.